Nani Atatoa Hesabu ya Feza ya Mji?

Hotuba juu ya mji wa Halifax, katika inchi ya Kanada



Leo tunataka kusema nanyi juu ya mji ulio mbali sana na hapa. Ni mji wa Halifax, wenye bandari kubwa kando ya bahari ya Atlantiki, katika inchi ya Kanada. Labda mmoja wenu atauliza: mji wa baridi na theluji unatuhusu nini? Tunamjibu hivi: kila mji duniani una mfuko mmoja ambamo watu wanatia feza yao, na kila mji una wakubwa wanaoshika mfuko ule. Swali ni moja tu kila mahali. Wale wanaoshika mfuko, wanamtolea nani hesabu?

Mji wa Halifax umejiuliza swali hili kwa muda wa miaka zaidi ya mia mbili. Mara moja ulijibu vizuri hata watu wa inchi nyingine wakaja kujifunza kwao. Mara nyingine ulijibu vibaya sana. Tusikilize yote mawili, maana mtu anayesimulia ushindi tu anawadanganya wenzake.

MJI USIO NA BARAZA

Kwanza tujue kwamba mahali pale hapakuwa pori tupu. Wenyeji, watu wa taifa la Mi'kmaq, walipaita Kjipuktuk, maana yake bandari kubwa. Mwaka wa 1749 serkali ya Uingereza ilimtuma Edward Cornwallis pamoja na watu karibu 2,500 kujenga mji na ngome. Wakaupa mji jina la mkubwa mmoja wa London, Lord Halifax. Wenyeji hawakuulizwa neno. Walipokataa kunyang'anywa inchi yao na vita ilipoanza, katika mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Cornwallis alitangaza kwamba atalipa feza kwa kila Mi'kmaq atakayekamatwa au kuuawa. Basi tangu mwaka wa kwanza mji ule ulikuwa na watu walioandikwa katika daftari lake, na watu walioachwa nje ya daftari. Shikeni neno hili, tutalikuta tena mbele.

Mji ulitawaliwa namna gani? Mwaka wa 1758 wachaguliwa walikutana Halifax katika bunge la koloni yote ya Nova Scotia. Lilikuwa bunge la kwanza la kuchaguliwa katika inchi inayoitwa leo Kanada. Lakini mji wenyewe haukuwa na baraza la kuchaguliwa. Gavana aliwateua watu wenye mali, akawafanya mahakimu wa mji. Kila kazi ilikuwa mikononi mwao. Waliamua kesi ndogo, walipanga kodi, walisimamia barabara, soko, polisi, gereza na nyumba ya maskini. Yule aliyetoza faini ndiye aliyetumia feza ya faini, na ndiye aliyekaa kitini kusikiliza malalamiko juu ya faini ile! Wako raia wachache walioitwa kila mwaka kuangalia hesabu na kutoa maoni yao. Lakini mahakimu walikuwa huru kusikia au kuziba masikio.

Mwaka wa 1785 watu wa Halifax waliomba wapewe baraza lao. Wakubwa walikataa, wakisema haina lazima. Mwaka ule ule mji wa Saint John, katika koloni jirani ya New Brunswick, ulipewa hati ya kujitawala. Wa Halifax walingoja miaka 56 zaidi.

GAZETI LA TAREHE 1 JANUARI 1835

Katika mji ule alikuwako mpiga chapa mmoja, Joseph Howe. Alizaliwa pale pale Halifax mwaka wa 1804. Hakukaa shuleni sana. Alipokuwa na miaka 13 alianza kazi ya kupiga chapa. Mwisho wa mwaka wa 1827 alinunua gazeti liitwalo Novascotian. Alizunguka inchi juu ya farasi, akiuza gazeti lake na kusikiliza maneno ya wakulima, wavuvi na mafundi. Mwanzoni hakuwa adui wa serkali. Baba yake alikuwa mtu mwaminifu kabisa kwa mfalme wa Uingereza. Kilichomfungua macho ni kusikiliza watu na kusoma hesabu.

Tarehe 1 Januari 1835 alipiga chapa barua moja. Chini yake hapakuwa na jina la mtu. Sahihi yake ilikuwa neno moja tu: Watu. Barua ilisema kwamba mahakimu na polisi, kwa muda wa miaka 30, walichukua kwa watu paundi 30,000 pasipo haki, kwa njia ya faini na malipo ya namna nyingi. Hesabuni wenyewe, wandugu. Ni paundi 1,000 kila mwaka, miaka 30 bila kupumzika.

Mahakimu wangeweza kuleta vitabu vya hesabu mbele ya watu na kusema: tazameni, barua hii ni uongo. Hawakufanya hivyo. Walikwenda kwa avoka mkuu wa serkali wakamshtaki mpiga chapa kwamba ameharibu jina lao. Mwenye nyumba chafu, ukimletea taa, huigombeza taa.

Howe alikwenda kwa avoka wa mji, mmoja baada ya mwingine, kutafuta msaada. Wote walimwambia kwamba hakuna njia. Sheria ya wakati ule ilikuwa kali: hata neno la kweli lilikuwa kosa kama likiwashushia wakubwa heshima. Kwa hiyo kuleta ushahidi kwamba barua ilikuwa ya kweli hakungemwokoa. Basi aliazima vitabu vya sheria, akajifungia kwa juma zima akisoma, akaamua kujitetea mwenyewe.

Kesi ilianza tarehe 2 Machi 1835. Nyumba ya tribinali ilijaa hata watu wakabanana milangoni. Howe alisimama mbele ya raia 12 waliowekwa kuamua kesi, akasema kwa muda wa zaidi ya saa sita. Alieleza mambo ya nyumba ya maskini na ya gereza, namna mkubwa anayeagizwa kuangalia mali ya watu wote anavyopata faida yake mwenyewe mle ndani. Aliwaambia wale 12 kwamba kama wakimtia gerezani, hawatakuwa wamemfunga mtu mmoja. Watakuwa wamelifunga kila gazeti katika inchi, na watoto wao hawatajua kamwe feza yao inakwenda wapi.

Kesho yake juji mkuu, Brenton Halliburton, aliwaambia wale raia kwamba kwa maoni yake maandishi yale ni kosa katika sheria. Wakatoka kushauriana. Walikaa dakika 10 tu, wakarudi na neno lao: hana kosa. Watu walimbeba Howe mabegani mpaka nyumbani kwake, na mji ulifanya sikukuu. Mahakimu kadha waliacha kazi yao.

Tuangalie vizuri hapa, maana wengi wanakosa kuelewa. Sheria haikubadilika siku ile. Iliendelea kuandikwa vilevile kitabuni. Jambo lililobadilika ni woga. Watu 12 wa kawaida, wenye maduka na kazi zao, walisikia neno la juji mkuu, wakamheshimu, lakini hawakumtii katika jambo ambalo dhamiri yao ilikataa. Tangu siku ile, mkubwa aliyetaka kuficha hesabu alijua kwamba kumshitaki mpiga chapa kunaweza kumletea aibu kubwa kuliko kunyamaza.

KURA INAKUJA, LAKINI SI KWA WOTE

Howe hakurudi kukaa nyuma ya mashini yake. Mwaka wa 1836 watu walimchagua kuingia bungeni. Maadui zake walimtafuta kwa kila njia. Mwaka wa 1840 mtoto wa yule juji mkuu alimwita kupigana naye kwa bastola. Alikwenda. Mwenzake alipiga risasi akamkosa. Howe aliinua bastola yake akapiga risasi hewani, akaenda zake. Mtu anayetaka hesabu hana haja ya maiti.

Mwaka wa 1841 Halifax ulipata hati ya kuwa mji wenye baraza lake. Meya wa kwanza alikuwa Stephen Binney. Mahakimu wa kuteuliwa walinyang'anywa mfuko wa mji, ukatiwa mikononi mwa wachaguliwa.

Kisha, katika uchaguzi wa mwaka wa 1847, kundi la Howe na wenzake lilishinda katika koloni yote, na mwezi wa Februari 1848 serkali mpya iliingia kazini chini ya James Boyle Uniacke. Kwa mara ya kwanza katika makoloni ya Uingereza ng'ambo ya bahari, wakubwa wa serkali walipaswa kuwa na imani ya wachaguliwa wa watu. Imani ikiisha, wanaondoka. Hayo yote yalipatikana bila damu kumwagika.

Huo ndio ushindi wa Halifax, na tunausifu kwa haki. Lakini tunauliza tena swali letu: wanamtolea nani hesabu? Jibu la wakati ule lilikuwa hili: wanawatolea wale wenye kura. Na katika mji wa mwaka wa 1841 mwenye kura alikuwa mwanamume mwenye mali. Mwanamke hakuhesabiwa. Kibarua wa bandari hakuhesabiwa. Wenyeji wa Mi'kmaq, wenye inchi, waliachwa nje. Ilifika mwaka wa 1960, mwaka wa uhuru wa Kongo yetu, ndipo serkali ya Kanada ilipokubali kwamba wenyeji wote wapige kura ya inchi bila kupoteza kwanza haki zao za kienyeji.

MLIPUKO WA MWAKA WA 1917

Kabla ya kufika kwenye jibu lile baya, tupite bandarini, maana bandari ndiyo iliyozaa mji huu.

Tarehe 6 Desemba 1917, wakati wa vita kuu ya kwanza, merikebu mbili ziligongana mahali pembamba pa bandari. Moja ilikuwa ya Ufaransa, jina lake Mont-Blanc, imejaa baruti na vitu vya kulipuka. Ya pili, Imo, ilikuwa ya Norway, nayo ilikuwa inakwenda New York kupakia msaada kwa watu wa Ubelgiji wenye njaa. Mont-Blanc iliwaka moto, kisha ikalipuka. Watu karibu 2,000 walikufa, na karibu 9,000 waliumia. Mtaa wote wa kaskazini, mtaa wa wafanyakazi, ulilala chini.

Nani aliruhusu merikebu ya baruti ipite katikati ya nyumba za watu? Baraza la mji halikuulizwa. Amri ya bandari wakati wa vita ilikuwa kwa wakubwa wa jeshi la maji. Wachaguliwa wa Halifax waliweza kuamua juu ya taa za barabara na mifereji, lakini juu ya kitu kilichoweza kuua mji wao hawakuwa na neno. Hata leo bandari ile inaongozwa na shirika lililowekwa na sheria ya serkali kuu ya Kanada, si na baraza la mji. Kumbukeni, wandugu: kabla ya kushangilia baraza la mji, ulizeni kwanza ni mambo gani yaliyo katika mamlaka yake, na ni mambo gani yaliyofungwa katika kabati ya wengine.

Baada ya mlipuko serkali kuu iliweka tume ya kujenga upya. Ilijenga nyumba nzuri za kupanga katika mtaa unaoitwa Hydrostone, ikalipa pensheni kwa walioumia. Ilifanya kazi tangu mwaka wa 1918 mpaka 1976. Kazi yake ilisaidia wengi. Lakini wakuu wake hawakuchaguliwa na watu, na ujenzi mpya haukufika sawasawa kila mahali.

AFRICVILLE

Sasa tunafika kwa ndugu zetu wa damu. Kaskazini ya Halifax, kando ya maji, kilikuwako kijiji cha watu weusi kilichoitwa Africville. Wengi wao walikuwa wajukuu wa watumwa waliokimbia Marekani wakati wa vita ya mwaka wa 1812, walipoahidiwa na Waingereza uhuru na mashamba. Hati za kwanza za kununua ardhi pale ziliandikwa mwaka wa 1848. Angalieni mwaka huo! Ni ule ule ambao serkali ya wachaguliwa iliingia kazini mjini. Mwaka wa 1849 walianzisha kanisa lao.

Watu wa Africville walinunua ardhi yao. Walilipa kodi kwa mji. Walipata nini? Reli ilipita katikati ya kijiji chao. Mji ulijenga gereza karibu nao, ukamwaga uchafu wa vyoo karibu nao, ukaweka hospitali ya magonjwa ya kuambukiza karibu nao. Katika miaka ya 1950 jaa la takataka la mji nalo lilisogezwa mpaka karibu na milango yao. Lakini bomba la maji halikufika. Mfereji wa uchafu haukufika. Barabara ya lami haikufika. Waliandika barua nyingi kwa baraza. Walichota maji ya visima, na kando ya kisima kibao kiliwaambia wachemshe maji kwanza.

Kisha baraza likasema: tazameni, kijiji hiki ni kichafu, lazima kiondolewe! Wandugu, nani alileta uchafu? Aliyemnyima mwenzake maji hana haki ya kumcheka kwa sababu hakuoga.

Katika mwezi wa Januari 1964 baraza lilipiga kura ya kuwahamisha watu wote, karibu 400. Hapakuwa hata mtu mweusi mmoja katika baraza lile. Kila kitu kilifanyika kwa kura, kwa kalamu na kwa mihuri, kama sheria inavyotaka. Mwenye hati alilipwa kidogo. Aliyerizi nyumba ya baba zake pasipo karatasi alipewa dola 500. Vitu vya watu vilichukuliwa katika makamio ya takataka ya mji. Mwaka wa 1967 kanisa lao lilibomolewa usiku. Nyumba ya mwisho ilianguka mwezi wa Januari 1970.

Hapa ndipo tunapoona nusu iliyokosekana katika ushindi wa Howe. Mahakimu wa zamani walikula feza ya watu kwa sababu hawakuchaguliwa. Baraza la mwaka wa 1964 lilichaguliwa, nalo lilikula kijiji cha watu. Kura peke yake haitoshi. Kama wengi wana kura nyingi na wachache hawana kiti, baraza linaweza kutoa hesabu safi kwa wengi na kuwazika wachache katika hesabu ile ile.

NAMNA WALIVYORUDI

Lakini watu wa Africville hawakunyamaza. Walitawanyika katika mitaa ya mji, ila kila mwaka walirudi kukutana mahali pa kijiji chao, wakaimba, wakawaonyesha watoto: nyumba yetu ilikuwa hapa, kanisa letu hapa. Waliweka kumbukumbu yao kama mtu anavyoweka risiti ya deni ambalo halijalipwa. Mwaka wa 1974 Graham Downey alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika baraza la mji wa Halifax.

Mwaka wa 1996 mji wa Halifax, mji wa Dartmouth ulio ng'ambo ya bandari, Bedford na wilaya yote inayozunguka viliunganishwa kwa sheria ya jimbo kuwa manispaa moja kubwa. Tangu mwaka wa 2012 manispaa ile ina meya mmoja, anayechaguliwa na watu wote, na washauri 16, kila mmoja kwa sehemu yake. Uchaguzi unafanyika kila miaka minne.

Tarehe 24 Februari 2010 meya Peter Kelly, kwa jina la baraza, aliomba radhi kwa watu wa Africville. Feza dola milioni tatu zilitengwa, na kanisa likajengwa tena kwa mfano wa lile la zamani, liwe nyumba ya kumbukumbu. Wengine walikubali. Wengine walisema radhi bila malipo kwa kila jamaa ni nusu ya deni, nao waliendelea kudai. Na mwaka wa 2018 baraza lilipiga kura, sanamu ya Cornwallis, iliyosimama tangu mwaka wa 1931, ikateremshwa. Watu walioachwa nje ya daftari mwaka wa 1749 walikuwa wamesikiwa katika chumba cha baraza.

NENO LA MWISHO

Wandugu wapenzi, tunachukua nini katika habari hii? Tunachukua mambo matatu.

La kwanza: feza ya mji ni ya watu, na hesabu yake isomwe mbele ya watu. Mkubwa anayekasirika akiulizwa hesabu amekwisha kujibu.

La pili: gazeti dogo la karatasi nne linaweza kufanya kazi ambayo jeshi haliwezi, kama mwenye gazeti anasema kweli, na kama raia wa kawaida hawaogopi kusema: hana kosa.

La tatu, nalo ndilo gumu kuliko yote: tukipata baraza letu, tukipata viti vyetu, tusimame mlangoni tutazame nje. Nani hana kiti? Mtaa gani unalipa kodi lakini haupati maji? Jaa la takataka limewekwa mlangoni mwa nani? Mji unapimwa kwa kisima cha mtaa wake wa mwisho.

 Nendeni mkawasimulie na wengine.